Herufi Nyekundu za Yaw Tabiri

Kwa niaba ya Halmashauri ya Nsuoano, niliyoitumikia kama katibu hadi kiinua mgongo kilipotutenganisha, nautangazia umma kwamba mji wetu una mchoraji mkubwa wa kisasa, na kwamba tulimtengeneza sisi.

Yaw Tabiri alianza na mabango ya vinyozi: vichwa sita, mitindo sita, vyote vina sura ya mjomba wake. Halmashauri ikakiona kipaji, ikampa kopo la rangi nyekundu aandike kwenye nyumba zisizo na kibali: BOMOA KWA AMRI.

Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Ile B ilikaa na kitambi chake kama chifu kwenye kigoda. Wenye nyumba walitoka wakiwa wamekunja ngumi, wakaishia kuinamisha kichwa upande na kutazama. Afriyie, muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, alibomolewa kibanda, akaokoa ubao mmoja wenye B akautundika sebuleni. Wenye majumba ya sanaa wakaja kutoka Accra kununua vifusi.

Wajanja nao wakaanza kuiga, kila mwenye ugomvi akimpakia jirani yake wekundu. Tukaazimia, kwa busara ya hali ya juu, kwamba tingatinga litii mkono wa Tabiri peke yake.

Wiki hiyo Tabiri alitakiwa aliandike banda lake mwenyewe, anamochora na kulala. Lilikuwa barabarani, halina kibali. Ndipo akaitwa na mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ampem, kwenye kasri lake jipya. Kasri halikuwa na kosa lolote, ila mto ulikuwa umejipitisha chini ya sebule bila kibali.

"Yaw, nichoree moja ukuta wa mbele. Kubwa. Banda lako tutalisahau."

"Nikuchoree nini, Mheshimiwa? Chui?"

"Usinifanye mshamba. Ile yenyewe, nyekundu."

"Ile ni amri, Mheshimiwa."

"Kwa watu wa sokoni ni amri. Kwangu mimi ni sanaa."

Tabiri akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali, maana mimi pia ni mpenzi wa sanaa.

Akaichora kwa moyo wote. Afriyie alikuja kuitazama, akasema B hii kweli imekula ikashiba.

Asubuhi ya uzinduzi wageni walikuwa wamejipanga na vitambaa vyao vya kente mabegani, tingatinga likaingia uani. Dereva, Baidoo, alikuwa anafuata wekundu wake wa kila siku. Mwenyekiti akamsomesha kwa kirefu tofauti ya amri na sanaa. Baidoo alimsikiliza mpaka mwisho, injini ikinguruma.

"Nimekusikia, mzee. Kila mtu huniambia yake ni sanaa. Wewe niambie tu, huu ni mkono wa Tabiri au wa kuigiza?"

Wageni wote wakamgeukia mwenyekiti. Wengi wao walikuwa na kazi ya Tabiri ukutani nyumbani.

"Ni wake halisi," akasema mwenyekiti, kifua mbele. "Mimi sinunui vya kuigiza."

"Basi sogea kidogo."

Mto sasa unapita bila bughudha. Banda la Tabiri bado lipo. Mwenyekiti ameagiza libomolewe leo hii, lakini amri lazima iandikwe kwa mkono wa Tabiri, na mkono huo, anasema mwenyewe, tangu siku ile unamuuma. Halmashauri inaendelea kumwombea apone.