Mjomba Ndiye Asomeshaye

Jumamosi, 16 Agosti

Barua ya chuo imefika. Mwanangu wa kwanza, Mwanvita, amechaguliwa kusomea uuguzi. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikageuza ukurasa. Ada, haya. Hosteli, haya. Rimu ya karatasi, ndoo mbili, ufagio wa chelewa. Ufagio! Mtoto anakwenda kusoma au kufagia? Na awamu ya kwanza ilipwe kabla ya tarehe 8 Septemba, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Jirani yangu Athanas, mstaafu wa kiwanda cha sukari, binti yake Jesca kachaguliwa chuo hicho hicho. Hata hakushtuka. Aliniambia bombani, mbele ya mtaa mzima wa Mwembesongo, kwamba amekuwa akiweka kidogo kidogo tangu Jesca anatambaa. Nani alimuuliza?

Mke wangu Zuhura akataka kujua akiba yetu iko wapi. Anajua fika iko wapi. Nilinunua kware mia mbili. Kware ndio walikuwa elimu ya Mwanvita. Walikufa wote ndani ya wiki. Niliwaua mimi?

Jumapili, 17 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nafunga kamba za guta, baiskeli yangu ya miguu mitatu ya kubebea matunda, jibu likanijia lenyewe.

Sisi ni Waluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Siku Mwanvita akiposwa, nani atakaa mkekani na kuulizwa? Mjomba wake. Mimi baba mzazi nitakuwa nje nahesabu viti. Basi, mwenye mtoto si ndiye amsomeshe? Mjomba mwenyewe ni Hamza, kaka yake Zuhura, mwenye mikarafuu nusu ya mlima kule Kinole na pikipiki mpya ambayo hata plastiki ya kiti hajaitoa.

Nikamweleza Zuhura. Akauliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri tangu alfajiri!

Jumatatu, 18 Agosti

Mwanvita kaniletea fomu ya mkopo wa serikali niweke sahihi ya mdhamini. Nimekataa katakata. Mtoto mwenye mjomba hakopi. Akasema dirisha la mkopo litafungwa mwisho wa mwezi, na mkopo ukikosekana atasoma muhula mmoja tu kisha arudi nyumbani. Nikamwambia dirisha likifungwa kuna mlango. Akachukua fomu yake, akaondoka. Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepanda Kinole na sukari kilo mbili. Nikampa Hamza shikamoo, ingawa amenizidi miaka miwili tu. Aliitikia taratibu, kama mtu wa miaka tisini.

Nilitegemea ugomvi. Wapi! Alikubali kila neno. Mila ni mila, akasema. Aliuliza jambo moja tu: je, sheria hii ni kwa wajomba wote, au kwake peke yake? Swali la kitoto. Nikamjibu mila haina upendeleo, ni wajomba wote. Akasema basi shemeji, tuite kikao cha wazee, maneno makubwa hayasemwi jikoni. Mimi nikaongeza: na yaandikwe! Nilitaka asipate pa kuchomokea. Hamza akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Jumamosi, 23 Agosti

Ushindi!

Wazee kumi na mmoja, nyumbani kwa Hamza, Kinole. Nilisema kwa nusu saa. Nilipofika kwenye machozi, yalikuja yenyewe. Wazee wakatikisa vichwa, wakapitisha: Mjomba ndiye asomeshaye. Muhtasari niliandika mimi, kwa mkono wangu, nakala tatu. Wazee wakaweka dole gumba.

Dada yangu Pili, aliyeolewa huko huko Kinole, alikuwa anagawa chai. Uamuzi ulipotangazwa alipiga kigelegele kirefu kuliko wanawake wote. Nilijisikia vizuri sana. Damu nzito kuliko maji.

Akaomba nakala moja ya kumbukumbu. Nikampa.

Jumapili, 24 Agosti

Pili amefika kabla ya chai. Amekuja na mwanawe Abuu, barua ya chuo cha ufundi, na nakala yangu.

Abuu akasema shikamoo mjomba, kwa sauti tamu mno.

Nikasoma barua. Ada. Hosteli. Ndoo mbili. Ufagio wa chelewa!

Nilimweleza Pili kwamba mila zimepitwa na wakati. Nikamweleza kwamba siku hizi baba ndiye nguzo ya nyumba. Akauliza huu mwandiko ni wa nani. Nikampigia Hamza simu anitetee, maana kikao kilikuwa kwake. Akasema mila haibaki mlimani pikipiki ikishuka.

Tena Pili ana watano. Abuu ni wa kwanza.

Athanas alikuwa anasikiliza ukutani. Akasema kwa sauti, eti kwa mkewe, kwamba mwosha huoshwa. Mtu mzima hovyo!

Jumatano, 27 Agosti

Nimeuza guta. Tangu leo nanasi nazibeba kichwani. Wazee walikuwa wamenipa siku tatu za kulipa ada ya Abuu, na Pili alikuwa analala sebuleni kwangu na kula wali wangu.

Jioni nikamwambia Zuhura ukweli. Hela ya guta imekwenda kwa Abuu, na kwa Mwanvita sina kitu. Nilimwona mwanangu amekaa nyumbani mwaka mzima, Jesca anapita mbele ya mlango na sare nyeupe.

Zuhura akaendelea kuchambua mchele. Akasema ada ya awamu ya kwanza imelipwa tangu Jumatatu. Imelipwa! Kumbe yumo kwenye kikoba tangu Mwanvita yuko darasa la tano. Kumbe kila msimu Hamza alikuwa anamletea debe la karafuu auze, aongezee hisa. Fomu ya mkopo, mdhamini ni Hamza. Walihitaji kwangu sahihi moja tu, nikawanyima.

Nikauliza kwa nini nimefichwa miaka yote hiyo ndani ya nyumba yangu. Akasema neno moja: kware.

Nimetukanwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwanvita ameondoka leo na Jesca. Hamza alishusha sanduku lake kwa pikipiki hadi stendi. Plastiki ya kiti bado ipo.

Kilichopungua kilikuwa ufagio tu. Nilikimbia sokoni nikanunua wa bei kubwa, chelewa ndefu. Mwanvita akaupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante baba, huu nitautunza. Nikageuka, nikajidai naangalia matairi ya basi. Ni vumbi, stendi ile ina vumbi sana.

Athanas alimpa Jesca ufagio mfupi. Nimeuona kwa macho yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Sikulala. Nilikuwa nasoma muhtasari wangu upya. Wajomba wote, nimeandika. Wote!

Mimi je? Mimi sina mjomba? Ninaye! Yuko Gairo, ana mashamba ya karanga, ana miaka themanini na moja, na hakunisomesha hata siku moja. Niliishia darasa la saba mtu huyu akiwapo! Miaka thelathini na tano ya elimu ananidai, yaani namdai. Nitakwenda na kikao, wazee na dole gumba. Nakala nne safari hii. Kwa fidia hiyo nitaanza na kware mia tano, wenye chanjo.

Njia ya kwenda kwake siijui vizuri. Nimempigia Pili, maana sisi ni mama mmoja, baba mmoja, mjomba mmoja. Nimemweleza mpango wote, mpaka ukubwa wa mashamba.

Amepiga kigelegele kirefu mpaka simu imekoroma. Damu nzito kuliko maji.