Karo ya Mbuzi Ishirini

Galsan alikuwa kwenye foleni ya chuo kikuu cha serikali, na asiulizwe alikuwa akisomea nini. Foleni zilikuwa shamba lake. Ukitaka kujua watu wanakosa nini, simama nyuma yao, funga mdomo, sikiliza. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa makamo, joho la kahawia limefungwa mkanda wa manjano, amekuja na binti aliyeshika barua ya kufaulu mtihani kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa kwenye umati.

"Mama, hapa tunapokea pesa," karani alisema dirishani.

"Nimesikia. Na mimi nimeleta mbuzi. Ishirini, wa sufu nyeupe, wako nje ya mji wanakula."

"Mbuzi nitamtia droo gani, mama?"

"Hebu niambie, mwanangu. Noti hii mwaka juzi ilininunulia kondoo mzima. Mwaka huu inaninunulia kiberiti. Mbuzi wangu mwaka juzi alikuwa mbuzi, na mwaka huu bado ni mbuzi. Sasa pesa ni ipi hapo?"

Foleni ikacheka. Karani hakucheka, maana mshahara wake ulilipwa kwa noti hizo hizo. Alielekeza kidole kwenye tangazo lililobandikwa kiooni. Serikali ilikuwa na moyo wa huruma, alisema: mwanafunzi wa chuo chochote kinachotambuliwa, akimaliza mwaka wa kwanza kwa daraja la juu, mwaka wa pili anaingia hapa na kusoma bure mpaka mwisho.

"Na huo mwaka wa kwanza?"

"Huo kila mtu na wake."

Ndivyo serikali yetu ilivyo. Haimpi maji mwenye kiu mpaka alete cheti kwamba ameshakunywa mahali pengine. Kizazi kimoja nyuma mtoto wa mfugaji alifundishwa, alilishwa na kulazwa bwenini bila senti. Sasa wakubwa wa Ulaanbaatar, mji mkuu wetu, walikuwa wamegundua kwamba elimu ni haki ya kila mtoto na mzigo wa kila mzazi. Dirisha likafungwa. Binti, aliyeitwa Solongo, aliikunja barua yake.

Galsan aliwakuta kwenye ngazi. Alikuwa na tai, miwani isiyo na nguvu yoyote, na mfukoni mhuri wa duara wa ofisi moja aliyowahi kuifanyia kazi. Ofisi ilikufa pamoja na utawala wa zamani; mhuri ulikwenda nyumbani na Galsan, ukachongwa uso mpya mara tatu.

"Mama yangu, wamekuvunjia heshima mbele yangu, na mimi siwezi kulala na jambo hilo. Naitwa Galsan, mkurugenzi wa Chuo cha Kimataifa cha Uchumi, Sheria na Lugha za Dunia."

Mpaka dakika ile chuo hicho hakikuwapo. Kilizaliwa hapo hapo kwenye ngazi, na kilizaliwa na vitivo vitatu.

"Chuo chenu kinapokea mbuzi?" aliuliza mama, jina lake Norjmaa.

"Kinapendelea mbuzi! Tena hamniletei sasa. Wakae kwenye kundi lako majira yote ya baridi, maziwa unywe wewe. Masika, kabla sufu haijachanwa, nakuja na lori, nawachukua ishirini wangu. Tumemalizana."

Hesabu ya Galsan ilikuwa tamu. Mbuzi wa masika ana sufu yake mgongoni, na kuna mfanyabiashara mmoja wa upande wa kusini wa mpaka asiyeuliza maswali. Galsan angeuza mbuzi na kuvuka pamoja nao. Chuo kingekufa kama kilivyozaliwa, bila uchungu.

"Basi njoo uwakate masikio alama ya chuo," Norjmaa alisema, "ili tuwatenge na wangu."

"Mama, sisi ni wasomi. Hatukati masikio. Tunapiga mhuri." Akaandika mkataba juu ya goti, akaugonga duara la bluu. Norjmaa aliutazama mhuri kwa muda mrefu. Galsan alidhani ni heshima.

"Sawa. Ila kwetu hatununui farasi bila kumfungua mdomo. Nionyeshe mwalimu. Mimi nikiridhika, majirani zangu ishirini na wanane wenye watoto waliofaulu nao wataridhika. Wananisubiri."

Ishirini na tisa mara ishirini. Galsan alipiga hesabu kichwani: mbuzi mia tano na themanini.

Jengo alilipata siku hiyo hiyo: shule ya chekechea iliyofungwa kwa kukosa fedha. Wazazi walikuwa wamesikitika, walimu walikuwa wamelia, na mlinzi alikubali kuikodisha kwa chupa mbili za vodka kwa mwezi. Viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Ukutani palichorwa sungura akihesabu karoti. Galsan alibandika kibao mlangoni, akaona kazi imekwisha. Kilichobaki ni mwalimu wa kuonyeshwa siku moja tu.

Galsan alimpata mwalimu kwenye ngazi za soko akiuza sigara moja moja. Profesa Dashnyam alikuwa amefundisha hisabati miaka thelathini, na miezi minane ya mwisho hakuona mshahara.

"Profesa, njoo uwafundishe vijana."

"Unalipa nini? Unga?"

"Fedha. Kila mwisho wa mwezi."

Profesa aliketi kwenye ngazi. "Hilo la mwisho, hebu lirudie taratibu."

Norjmaa alimkagua kweli. Alimuuliza mambo ya hesabu asiyoyaelewa mwenyewe, akaitazama mikono yake wakati wa kujibu, na nina hakika aliangalia na meno. "Huyu anafaa," alisema. "Na wa sheria? Na wa lugha? Kibao kinasema vitu vitatu, mwanangu. Au nimesoma vibaya?"

"Watafika kesho," alisema Galsan kwa sauti nyembamba.

Kwa hiyo walifika. Jaji mstaafu aliyekuwa akitengeneza viatu, na mama mmoja aliyejua lugha nne na kufulia watu nguo. Familia ishirini na tisa zikatia saini. Lakini Norjmaa alikuwa ameingiza neno dogo kwenye mkataba, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa Solongo: masomo yakikatika hata wiki moja, mbuzi wanabaki kwa mwenye kundi. Galsan alilisoma neno hilo Oktoba, siku alipokusudia kuwafukuza walimu.

Wajanja wengi huzama hapo. Samaki mkubwa yuko kwenye ndoana, nawe unazidi kumpa kamba ili asikuponyoke. Galsan aliuza televisheni ili alipe mishahara ya Novemba. Desemba aliuza zulia la ukutani. Januari makaa yalipanda bei, akauza koti la ngozi, na tangu siku hiyo akawa anahudhuria vipindi mwenyewe, kwa kuwa darasani ndimo mlimokuwa na jiko.

Wanafunzi walikaa magoti yakigusa masikio. Solongo alikaa mbele kabisa, chini ya sungura. Alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi, hata magazeti ya zamani yaliyozibia nyufa za madirisha. Jioni moja Galsan alimwona akirudia hesabu ile ile kwa mara ya tano.

"Mbona hupumziki, mdogo wangu? Chuo kitakuwepo na kesho."

"Una hakika, Mwalimu?" aliuliza Solongo bila kuinua kichwa. Galsan akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali.

Februari akaja mkaguzi wa wizara. Wizara haikuwa imetoa hata chaki, lakini ukaguzi ni bure. Galsan alimwandalia bahasha. Mkaguzi hakuiona, maana alifungua mlango, akamkuta Profesa Dashnyam ubaoni, akavua kofia na machozi yakamtoka. Profesa ndiye aliyemfundisha. Kabla ya saa sita mchana Chuo cha Kimataifa kilikuwa kimetambuliwa rasmi, na Galsan alihisi kudharauliwa, kama mwizi aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Masika ikafika. Mitihani ikafanywa, na Solongo akashika daraja la juu. Vyeti ishirini na tisa viliandikwa kwa mwandiko mzuri wa jaji, na Profesa akatia saini. Kilikosekana kitu kimoja tu, na kila mtu nchini anajua karatasi isiyo na mhuri inatumika wapi. Galsan aliviweka vyeti kwenye mkoba, mhuri mfukoni, akakodi lori kwa ahadi, akaondoka na Solongo kuelekea kwa mama yake.

Norjmaa aliwapokea kwa chai ya chumvi na maneno ya kuuliza kama wamevuka baridi salama. Majirani walijaa hemani. Galsan alikunywa bakuli la kwanza, la pili, kisha akakohoa.

"Mama yangu, nimekuja kwa ajili ya wale ishirini."

"Aa, Mwalimu," Norjmaa alisema kwa huzuni. "Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali. Wako wamekufa wote."

"Wangu? Wote? Na wako?"

"Wangu Mungu amewanusuru."

"Na wa kwangu pia," alisema jirani. "Wamekufa wa chuo tu." Majirani wote wakatikisa vichwa, wakisikitikia msiba wa msomi. Huku kwetu, mbuzi wa mtu wa mjini ndiye hufa kwanza. Mtoto wa miaka sita analijua hilo.

Galsan hakupiga kelele. Alifungua mkoba taratibu, akakitoa cheti cha Solongo, akakiinua ili wote wakione pale chini palipokuwa peupe.

"Basi na mhuri nao umekufa kwa baridi," alisema. "Pole sana, mdogo wangu. Ulisoma vizuri."

Solongo aliweka bakuli chini, akakikodolea macho cheti chake. Siwezi kumsifu Galsan kwa hilo hata kidogo. Mtu anaweza kumwibia tajiri nikacheka naye, lakini mwaka mzima wa binti yule ulikuwa kwenye karatasi ile.

Norjmaa akapumua kama mtu aliyeshindwa. "Umetuweza, Mwalimu. Sisi ni washamba tu. Wa majirani wako malisho ya mbali, lakini chukua themanini kutoka kundi langu, kwa niaba ya wote. Chagua mwenyewe. Ila gonga mihuri kwanza, hapa, mbele yetu."

Themanini! Lori lisingebeba zaidi hata kama wangempa. Galsan aligonga vyeti ishirini na tisa juu ya boneti ya lori, akavipulizia vikauke, kisha akaingia zizini na kuchagua weupe, wanene, wenye sufu ya kuzama vidole. "Una jicho, Mwalimu," walimsifu. Hakuna aliyemuuzia mbuzi kwenye gunia. Aliwaona, aliwashika, aliwapakia mwenyewe.

Alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara kuu. Polisi mmoja na bwana mifugo.

"Karatasi ya mwenyekiti wa eneo ya kusafirisha mifugo iko wapi?"

"Nina mkataba," alisema Galsan, akautoa na duara lake la bluu.

Bwana mifugo aliusoma. "Hapa pana mbuzi ishirini. Humu mna themanini." Akapanda lori, akamshika mbuzi wa kwanza sikio, wa pili, wa tatu. "Mkato wa pembe tatu sikio la kushoto. Hawa wote ni wa Norjmaa. Wewe wako wana alama gani?"

Mihuri yote aliyopata kugonga Galsan maishani haikumsaidia kujibu swali hilo.

Farasi akateremka kilimani, na Norjmaa juu yake, bila haraka. Aliwasalimu wote, akawauliza habari za mifugo yao.

"Mama, huyu unamjua?" aliuliza polisi.

"Huyu? Ni mwalimu wa binti yangu. Mtu mzuri." Akawatazama mbuzi kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. "Sijui tu kwa nini amebeba mbuzi wangu."

"Mama!" Galsan alilia. "Umenipa mwenyewe! Mbele ya watu!"

"Watu gani, Mwalimu? Tukawaulize?"

Galsan aliwakumbuka wale watu, na vyeti alivyokwisha kuwagongea. Wizi wa mifugo huku kwetu ni miaka mingi, na ndani hakuna jiko. Akaukunja mkataba wake.

"Msimfunge," alisema Norjmaa. "Nchi haina walimu wa kutosha. Na haki yake asikose." Akafungua kamba nyuma ya tandiko, akashusha ngozi ishirini za mbuzi waliokufa, ngumu, zinazonuka. "Hawa ndio wako."

Dereva wa lori alizichukua zote kuwa nauli. Galsan alianza safari ya mjini kwa miguu, tai shingoni, na kama mnamwona mahali msimwazime kalamu.

Solongo alimsaidia mama yake kuwarudisha mbuzi nyumbani. Mlimani akasimama.

"Mama, tumemwibia?"

"Tumemwibia."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Chuo cha watu wazima kina viti vya watoto, na mkurugenzi hajui sikio la mbuzi. Mimi si kipofu." Norjmaa alishuka kwenye farasi, akamkaza binti yake mkanda wa joho kama alipokuwa mdogo. "Lakini nisikilize vizuri. Wizara haikukupa kitu. Karani alikufungia dirisha. Katika nchi hii nzima, mtu pekee aliyeuza vyake mwaka huu ili wewe usome alikuwa tapeli, tena alitoa kwa bahati mbaya. Siku ukiwa mkubwa huko maofisini, ulionee haya hilo kwa niaba ya wenzako."

Solongo hakucheka. Alikitia cheti kifuani, akawachunga mbuzi mpaka nyumbani kwa hasira, na Septemba alipoingia mwaka wa pili hasira hiyo aliingia nayo darasani.