Mstari wa Bluu Haukosei

Madereva wote wa Karagwe na Kyerwa mnatangaziwa kwamba kuanzia sasa ni marufuku kupotea kiholela. Mamlaka ya Kunyoosha Safari imeleta ramani ya kwenye simu. Atakayefuata mstari wa bluu halaumiwi. Lawama zote kabeba Mkurugenzi Deodatus mwenyewe. Atakayeuacha hana kazi. Tangazo hili, lenye sahihi na muhuri, libandikwe kwenye kila dashibodi.

Ni Mamlaka ileile iliyowahi kutufungia kengele za baiskeli kwenye malori. Wengine wamesahau. Sisi bado zinalia masikioni mwetu.

Byabato, dereva wa Mkurugenzi, alishapata onyo moja kwa kumkwepa ng'ombe asiyekuwepo kwenye ramani. La pili lingemrudisha kulima maharage. Kwa hiyo walipotoka Nyakatuntu kwenda Rubwera kuzindua ramani hiyo, bosi kiti cha nyuma, magunia ya kahawa kwenye buti ("zawadi ya wakulima," kama wakulima walivyoelekezwa kuiita), aliukodolea mstari macho kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Kwenye mteremko mkali, kona mbele, korongo kushoto, ramani ikatoweka. Yakaja maandishi: *Kwa usalama wako, usiguse simu uwapo safarini. Kama umeelewa, gusa hapa.*

"Bosi, kona siioni!"

"Umeelewa au hujaelewa?"

"Nimeelewa!"

"Sasa si uguse!"

Akagusa. Tairi la kushoto likaonja hewa, likarudi. *Je, umeifurahia kona hii? Tupe nyota.*

"Zote," Mkurugenzi akaamuru, jasho likimchuruzika. "Usituharibie takwimu."

Chini ya mlima mstari ukaiacha barabara, ukaingia migombani. Byabato akakanyaga breki.

"Bosi, njia hii naijua. Haipiti mtu mwenye cheo."

"Unajua kuliko mtambo? Tuligawa simu kwa bodaboda wenye kasi kuliko wote, tukachora walikopita. Vijana hawasimami popote!"

"Hawasimami kwa kuwa wanabeba kahawa ya magendo, bosi."

"Unataka onyo la pili?"

Hakutaka. Gari likapita uani kwa bibi Mukandekezi, likaondoka na kamba yake ya nguo, gauni la kanisani likipepea mbele kama bendera ya msafara.

"Wanangu, leo mmekuja na gari!" bibi akashangaa. "Pikipiki zimeharibika?"

Mbele kidogo, gogo njiani. Nyuma ya gogo, Joviana wa mgambo, ambaye huvizia hapo kila siku, kwani njia ile inajulikana na kila mtu isipokuwa Mamlaka. Akafungua buti.

"Kibali cha kahawa?"

"Binti, unajua unaongea na nani? Mamlaka ndiyo mimi!"

"Shikamoo, Mamlaka. Mikono nyuma."

Pingu zikalia. Joviana akamgeukia dereva. "Na wewe?"

"Nimefuata mstari, afande." Byabato akaonyesha dashibodi. Joviana akalisoma tangazo taratibu, muhuri na sahihi, kisha akatikisa kichwa.

"Nenda zako, kaka. Lawama ina mwenyewe."

Simu ikaita kwa furaha: *Umefika unakoenda. Kuomba msaada wa dharura, gusa hapa.*

Mkurugenzi akajinyonganyonga, mikono ikagoma. "Byabato! Gusa!"

Byabato alikuwa ameshalivua gauni la bibi kwenye bampa, kaliweka begani, anarudi nalo kwa mwenyewe.

"Uwapo safarini usiguse simu, bosi," alisema bila kugeuka. "Na mimi nimeshaondoka."