Malalamiko Kuhusu Mashine Iliyomwita Senyora Ng'ombe

Kwa Daktari Lualhati Magsombol,
Mkuu wa Maabara ya Ushirika wa Maziwa.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Mimi ni Luningning, mjukuu wa Lola Pacing, bibi anayeuza jibini mlangoni pa kanisa. Naandika kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi.

Mashine yenu ya vinasaba imesema jibini ya nyati ya bibi ina maziwa ya ng'ombe. Ushirika umemwondoa kwenye meza aliyouzia miaka thelathini na moja. Sasa hagandishi tena maziwa. Anakaa na kitambaa cha kuchujia mapajani, anasema, "Kama Senyora ni ng'ombe, basi mimi ni bata." Senyora ndiye nyati wetu wa kufugwa, tunayemkamua.

Malalamiko yangu:

1. Nimeelezwa kwamba mashine huokota kitu kidogo kisichoonekana, hukizidisha mara milioni, kisha hutangaza. Kwetu kazi hiyo hufanywa na jirani yetu Aling Bining, bila umeme, na hatumwiti mtaalamu.

2. Mpimaji wenu, Bwana Dado, alikata kipande cha jibini cha ukubwa wa ukucha kwa ajili ya mashine, na cha ukubwa wa kiganja kwa ajili yake. Alipomaliza kutafuna akamwambia bibi, "Nanay, hii ni nyati mtupu." Ulimi wake haumo kwenye ripoti.

3. Siku ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, Senyora alipiga magoti mbele ya kanisa, padre akamnyunyizia maji ya baraka. Ng'ombe wa Aling Bining hata shingo hakuinamisha. Tumwamini nani, aliyebarikiwa, au kitu kilichochomekwa ukutani?

4. Kama mashine ni ya haki, ipime pia peremende za maziwa za mke wa mwenyekiti, na kahawa ya padre. Lola anasema mkimaliza maziwa mtahamia kwa watoto, na hapo nyumba tatu zitakosa amani. Alizitaja. Mimi nimeona haya kuziandika.

Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri, iseme mashine ilikosea, ifike kabla ya Jumapili.

Nisalimie wapimaji wote, na Bwana Dado, na mashine pia, maana haikosi kuchoka.

Wako mtiifu,
Luningning Talusan

Tanbihi: Asubuhi ya jibini mliyoipima, goti la Lola lilimuuma, nikakamua mimi. Nilivaa sketi yake ili Senyora asinitambue. Alinitambua kwa mikono, akapiga ndoo teke. Nikajazia glasi moja ya maziwa, ndogo sana, kutoka kwa ng'ombe wa Aling Bining. Lola hajui. Mashine yenu ni nzima. Basi andikeni ukweli, jina langu likiwemo, ili arudishiwe meza yake. Miwani yake imevunjika, barua zote namsomea mimi. Yenu ikiwa na muhuri, nitalazimika kumsomea mpaka mwisho.