Mashini Nyumbani kwa Mwalimu Hippolyte

Jumatano, 26 Desemba 2018. Beni.

Radio imesema. Jumapili inchi yote itapiga kura, isipokuwa sisi ba Beni na Butembo. Sisi tungoje mpaka mwezi wa tatu. Lakini rais mupya ataapishwa mwezi wa kwanza. Sababu, eti Ebola na usalama. Sokoni tunaenda, misani tunaenda, hakuna anayetukataza. Kura tu ndiyo inaambukiza.

Kwenye rond-point, muzunguko wa barabara, pale banaume banasimama kila asubui kubishana siasa, nilisema kura zetu zimekwisha kupigwa kwa siri, na kwamba ninajua. Mwalimu Hippolyte akauliza ninajua kupitia wapi. Batu bakacheka. Huyu serikali ilimutuma hapa kutoka Kasai, miaka sita sasa, na kila mara ni swali hilo hilo. Mutu asiye na siri anatafuta ushahidi wa nini?

Saa kumi nimeona piki kutoka uwanja wa ndege wa Mavivi ikishusha kartoni kwake. Kubwa. Banaume babili baliibeba. Nilimuuliza taximan, mwenye hiyo piki, ni nini. Mashini, akasema. Na mwaka huu kura inapigwa kwa mashini. Sikuuliza zaidi. Mwenye akili haulizi zaidi.

Banaanza kusema kartiye, mutaa wetu, ipange kura yake yenyewe Jumapili, ulimwengu uone. Itahitaji mukubwa wa biro ya kura. Nikifichua mashini, nani atachaguliwa kama si mimi, Nzanzu, muuza viatu?

Alhamisi, 27.

Matairi yanaungua barabarani. Bapolisi banatupa mabomu ya machozi. Kwenye kizuizi nilimunongoneza Kasika, taximan mwingine, yeye peke yake. Nilisema mashini moja. Baada ya saa moja habari ilinirudia: mashini tano, na kanali mumoja chini ya kitanda. Mimi mwenyewe nilimuogopa huyo kanali.

Batu kama mia balielekea kwa Hippolyte. Nilikimbia mbele, asije mwingine akasema ni yeye aliyegundua. Mawe yakanipita. Dirisha likavunjika. Mwalimu akatokea na damu usoni, muke wake Myriam amemushika shati. Mutu mumoja alikuwa na bidoni ya petroli. Nilitaka kusema tungoje. Nikarudi nyuma ya batu.

Mama Victoire, jirani, mukatekista wa miaka sabini, alileta kiti akakaa katikati ya mulango.

"Mufungue kartoni kwanza," alisema. "Kama ni mashini ya kura, nitatoka hapa. Kama siyo, mufunge hiyo bidoni."

Ikafunguliwa. Mashini, ndiyo. Ya kushona. Myriam anataka kuanza kazi.

Batu bakaulizana nani alisema. Kasika alikuwa ananitafuta kwa macho. Nikachukua ndoo upesi nikaanza kuosha kidonda cha mwalimu. Anayeosha kidonda hashukiwi. Kumbe ni maji ya chlore, ya kunawa mikono. Mwalimu akaruka. Kisha akanishukuru.

Ijumaa, 28.

Usingizi ulikataa. Nilienda kuungama kwa mwalimu. Hippolyte, kichwa ndani ya bandeji, alinipa chai. Akasema hana hasira, anataka tu huyo mutu amuambie aliona nini. Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Myriam akaniongezea sukari. Nikasema siku hizi batu habafai. Nikarudi kwangu.

Jumapili, 30.

Tumevota! Kwenye kiwanja cha mpira. Tulinawa, tukapimwa joto, tukapanga mustari. Bamama bazee balilia bakitumbukiza karatasi. Mukubwa wa biro: Hippolyte. Balimuchagua kama kumuomba musamaha. Mimi: mulinzi wa ndoo. Nikapiga kura mbili, ya pili kuziba ile batakayotuibia.

Majina mia ine na kumi na mbili. Karatasi mia ine na kumi na tatu. Makelele, kila mutu anamutazama jirani yake. Nami nilimutazama wangu, vikali. Hippolyte akasimama.

"Moja imezidi," alisema. "Nitaandika hivyo, imezidi, kila mutu aone."

Bakapiga makofi. Nami nikapiga. Lakini mutu anayetangaza kosa dogo hadharani, kubwa ameliweka wapi?

Jumatatu, 31. Butembo.

Internet imekatwa inchi nzima. Asubui nilimuona Mama Victoire akipanda taxi ya Butembo na kikapu chenye kufunikwa kitambaa. Alisema anaenda kula mwaka mupya kwa dada yake. Mwaka mupya ni kesho. Na siku ile ya mawe alikaa mulangoni bila kutetemeka. Mutu wa kawaida anatetemeka. Donc, basi, nani alimufundisha?

Nimemufuata kwa piki, vumbi mpaka ndani ya masikio. Naandika nyuma ya ukuta. Ameingia nyumba yenye mulango wa bluu. Kuna bengine ndani. Banacheka.

Ameniona. Amekuja mpaka ukutani, akasema: "Papa Nzanzu, ingia, bugali inapoa."

Hakushangaa hata kidogo. Donc alijua nitakuja. Nimekula sahani mbili, ili nichunguze vizuri.