Aliyevunja: Hakuna

Jumatatu, 3 Machi
Chupa ya kupimia imeniponyoka. Ya pili muhula huu! Miaka tisa nimekuwa mhudumu wa maabara ya shule, na mikono yangu bado haijazoea kazi. Mkuu wa stoo anastaafu. Ijumaa funguo zake, na kile kiti chake cha kuzunguka, vinapata mwenyewe mpya. Ni mimi au mhudumu mwenzangu, Bi Kibandiko, aitwaye hivyo kwa sababu hubandika jina kwenye kila kitu, hata kikombe chake cha chai. Katika daftari la vilivyovunjika ana mstari mmoja tu. Inasemekana mwenye mistari mitatu hapewi funguo.

Nikiwa nafagia vigae vya chupa, nikamsikia mwalimu wa fizikia akiwaambia wanafunzi kwamba kila kitu husukumwa na kilichotangulia, na chembe za ubongo hufuata kanuni zilezile za jiwe linaloanguka. Akaanza kusema kwamba wataalamu bado wanabishana. Sikungoja. Nikafungua daftari. Aliyevunja: hakuna. Sababu: mwanzo wa ulimwengu.

Safi kabisa!

Jumanne, 4 Machi
Bi Kibandiko amelisoma daftari. Amecheka mpaka akashika meza. Akauliza kama huyo mwanzo wa ulimwengu atakuja pia kudeki. Nikamjibu kwamba ikipangwa, atakuja. Wivu tu.

Nyumbani mke wangu akauliza komeo la mlango litatengenezwa lini, mwezi wa tatu huu tangu liharibike. Nikamweleza kuhusu chembe. Akasikiliza huku akipika. Ningejua! Wakati wa kula ukafika, sufuria imeshaoshwa, yeye na watoto wameshiba. Akasema chembe za mikono yake zilipakua sahani tatu tu, hata yeye alishangaa.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Bi Kibandiko naye avunje! Nimeweka kishikio cha mirija ya majaribio ukingoni mwa meza anapopita. Yaani, kiliwekwa kupitia mkono wangu. Amepita mara kumi na mbili. Hakuna kitu. Mara ya kumi na tatu alisimama, akabandika karatasi ukingoni: USIWEKE KITU HAPA. Nikainama niisome vizuri. Kiwiko changu mwenyewe! Mirija saba chini.

Mstari wa tatu. Aliyevunja: hakuna. Sababu: tazama mstari wa juu.

Alhamisi, 6 Machi
Moto! Taa ya spiriti imeangushwa na mwanafunzi, pazia likashika. Wanafunzi wakapiga kelele, mwalimu wa fizikia akawa anatafuta miwani. Mimi nikanyakua ndoo ya mchanga, nikaizima taa, nikalivuta pazia, nikalikanyaga. Nyusi zimeungua kidogo. Makofi! Bi Kibandiko amenipa mkono, akasema kwa kweli kaka umefanya kazi. Nilitaka kulia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Mwalimu Mkuu akanitaka niandike maelezo. Nimeandika ukurasa mzima. Wengine walisimama tu, lakini mimi niliamua. Bi Kibandiko anasema neno "niliamua" limo mara kumi na nne. Mwache ahesabu. Kesho nazunguka kwenye kiti.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mezani daftari, kando yake maelezo yangu. Akauliza nani kati ya hawa wawili anaomba funguo: huyu ambaye hajawahi kufanya lolote, au huyu anayeamua mara kumi na nne. Kama moto niliuzima mimi, basi na chupa nilivunja mimi. Kama chupa zilivunjwa na mwanzo wa ulimwengu, barua ya shukrani atauandikia huo mwanzo, nimpe anwani.

Nikaomba aitwe mwalimu wa fizikia anitetee. Akaja. Akasema kama mtu anachagua au hachagui, yeye hajui, ila anajua jibu haliwezi kuwa moja Jumatano na lingine Alhamisi. Msaliti!

Nikakiri basi, kwamba niliogopa mistari mitatu. Mwalimu Mkuu akashangaa. Mistari mitatu ipi? Mkuu wa stoo anayestaafu ana mistari kumi na mmoja, yote kwa jina lake. Alichotafuta ni mtu wa kuandika jina lake tu. Na mpaka Jumatatu asubuhi, akasema, alikuwa ameshaniandika mimi. Kisha akafunga daftari: asiyekuwapo na lake halipo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Imeniuma. Imeniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Kibandiko kwenye kiti. Kina karatasi yenye jina lake. Saa nne nimevunja faneli ya kioo. Akaniletea daftari, kalamu imeshafunguliwa, akaniambia kwa upole kaka, andika jina tu, yaishe.

Nimefikiri sana wikendi hii, na kosa langu nimeliona. Hiari ipo. Ila wanayo watu wengine. Nikaandika. Aliyevunja: Bi Kibandiko. Sababu: aliamua mwenyewe kunipa faneli niibebe.

Ameniandikia barua ya onyo. Kwa hiari yake kabisa, mashahidi wapo.

Naandika haya nimekaa kizingitini. Komeo limetengenezwa. Limefungwa kwa ndani. Na hili nalo mke wangu kaamua mwenyewe, ushahidi wa pili kwa siku moja.