Rufaa ya Kutangulia

Jumatatu, 3 Machi
Mambo si ndiyo haya! Mwendesha mashtaka kalegea. Nikikiri kuwadanganya polisi, shtaka la kuiba tangi la maji la shemeji linafutwa. Siendi jela! Nitafagia ua wa hospitali miezi mitatu, jioni narudi kwangu. Sharti moja tu: nisaini kwamba sitakata rufaa. Wakili kaniachia makubaliano nisaini, Alhamisi niende nayo mahakamani. Mke wangu kasema nisaini upesi, maana nikifungwa yeye anarudi kwao. Hawaoni mbali hawa. Mwanamume mzima nitoe haki yangu hivi hivi? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nitasaini, halafu nitakata rufaa. Kufagia afagie mwingine. Rufaa nimeshaiandika, kurasa nne, akiba haiozi. Nimeeleza jinsi hukumu ya tarehe 6 ilivyoniumiza na jinsi hakimu alivyokataa kunisikiliza. Mke wangu kauliza naandika nini. Nikamwambia barua ya kumwomba kaka yake msamaha. Machozi yakamtoka, masikini.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kapita kunicheka. Eti hata mtoto angejua tangi lililopakwa chokaa litarudia rangi yake mvua ikinyesha. Mwache. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya siku! Nilivaa koti la harusi. Hakimu, mama mmoja wa miwani, kauliza kama nimelazimishwa. Hapana, mheshimiwa! Kama naelewa kwamba sitakata rufaa. Kabisa, mheshimiwa! Wakili akatabasamu, mara ya kwanza tangu anijue. Hakimu akataka makubaliano. Nikachomoa karatasi kwa mbwembwe, nikampa karani. Karani akasoma, akakohoa, akampelekea hakimu. Hakimu akasoma kurasa zote nne.

Nne! Mungu wangu, makubaliano yalikuwa mfuko wa pili!

Hakimu akauliza ni hukumu ipi iliyoniumiza, maana yeye bado hajatoa yoyote. Nikamwambia aitoe tu, mimi nitasubiri. Mahakama nzima ikaangua kicheko, shemeji akajishika mbavu. Hakimu kasema hapokei ahadi ya mtu asiyeimaanisha. Makubaliano yamekufa. Mashtaka yote mawili yatasikilizwa.

Jumatatu, 28 Aprili
Miezi minane jela. Mke wangu kaenda kwao, hata masufuria kabeba. Imeniuma, sifichi.

Lakini! Baada ya kusoma adhabu, hakimu kasema nina siku kumi na nne za kukata rufaa. Haki yangu ipo, nzima, haijaguswa! Nikamnyooshea wakili mkono tupongezane. Hakuupokea. Wivu tu.

Askari jela kanipa karatasi. Kanipa na fagio, ua wa hapa naufagia mimi. Rufaa iko tayari. Nimeandika na ya pili, ya kupinga majaji watakaoikataa ya kwanza, nisije nikakutwa sijajiandaa. Sare ya hapa ina mfuko mmoja. Hakuna tabu, zote mbili zimeenea.